Sheria zilizobana migomo Uingereza: ugomvi wa kazini ulihamia wapi?

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, salaam. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika hospitali moja ya umma nchini Uingereza, na katika muda huo nimeziona sheria za mgomo zikikazwa, zikikazwa tena, kisha zikianza kulegezwa. Mara nyingi jambo hili hujadiliwa kana kwamba swali lake ni moja tu, yaani kama migomo imeongezeka au imepungua. Nilichokiona mimi ni kwamba sheria inapoubana mgomo, ugomvi wenyewe hauishi. Unaondolewa mezani, ambako ungeweza kumalizwa, na kupelekwa mahakamani, kwenye masanduku ya posta, na hatimaye kwenye barua za watu wanaoacha kazi. Naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu wengi wenu mna ndugu wanaofanya kazi katika hospitali na nyumba za kulelea wazee za huku.

Ili tuelewane, ni lazima nianze na jambo ambalo huwashangaza wengi: Uingereza haina haki ya kugoma iliyoandikwa kwenye katiba, tofauti na Ufaransa au Italia. Kwa macho ya sheria, mfanyakazi anayegoma amevunja mkataba wake wa kazi, na chama kilichomwita kimemchochea auvunje. Mwaka 1901, katika kesi ya kampuni ya reli ya Taff Vale ya huko Wales, majaji wa ngazi ya juu kabisa waliamua kwamba chama kinaweza kudaiwa hasara aliyoipata mwajiri, na chama cha wafanyakazi wa reli kikalipa fidia ya pauni 23,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Bunge lilijibu mwaka 1906 kwa kuvipa vyama kinga dhidi ya madai ya aina hiyo. Mgomo wa Uingereza umesimama juu ya kinga hiyo mpaka leo, na ndiyo maana serikali inayotaka kuubana haihitaji kuupiga marufuku. Inatosha iongeze masharti ya kuipata kinga, sharti juu ya sharti, hadi chama kisicho na wanasheria wa kutosha kishindwe kuyatimiza yote.

Masharti hayo yalianza kurundikana miaka ya 1980. Sheria ya 1984 iliifanya kura ya siri kuwa lazima kabla ya mgomo, jambo ambalo binafsi silipingi hata kidogo. Kufikia 1990, mgomo wa kuwaunga mkono wafanyakazi wa mwajiri mwingine ulikuwa umeondolewa kinga. Mwaka 1993 ikaamriwa kwamba kura ya mgomo ipigwe kwa posta, karatasi itumwe nyumbani kwa mwanachama na irudishwe kwa bahasha. Kisha ikaja Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 2016, iliyoanza kutumika Machi 2017, na hapo ndipo kazi ya uwakilishi ilipobadilika sura. Sheria hiyo ilidai kwamba angalau asilimia 50 ya wanachama wenye haki ya kupiga kura wawe wamepiga. Katika baadhi ya huduma muhimu za umma ikadai pia kwamba asilimia 40 ya wanachama wote, si ya waliopiga tu, wawe wamesema ndiyo. Notisi ya mgomo kwa mwajiri ilitoka siku 7 ikawa 14. Ridhaa inayotokana na kura ikapewa uhai wa miezi 6, au 9 endapo mwajiri mwenyewe atakubali kuuongeza.

Tuchukue mahali pa kazi penye wanachama 1,000. Wakipiga kura 490, na wote 490 wakasema ndiyo, mgomo ni batili. Sasa wajitokeze wanachama kumi wanaoupinga, watie alama ya hapana na kuzituma karatasi zao: waliopiga wamefika 500, kizingiti cha kwanza kimevukwa, na mgomo ambao hao kumi hawautaki umehalalishwa na kura zao wenyewe. Kwa hesabu hiyo anayepinga ana nguvu zaidi akikaa kimya kuliko akipiga kura. Naye aliyelala baada ya zamu ya usiku, aliyehama nyumba na ambaye barua haikumfikia, wote wanahesabiwa upande wa mwajiri bila kuulizwa.

Hilo la barua si dogo. Katika kura mojawapo nilipewa orodha ya wodi tatu niwafuatilie wanachama. Wengi wao ni watu waliotoka nje ya nchi, wanaishi watatu au wanne katika nyumba moja ya kupanga, na huhama kila mkataba unapokwisha. Anwani iliyoko kwenye daftari la chama ni ile ya nyumba ya kwanza waliyofikia. Siku mbili baada ya kura kufungwa, mhudumu mmoja wa zamu ya usiku alinifuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akafungua mkoba wake na kunionyesha bahasha ambayo haijafunguliwa, ikiwa na alama ya duara ya kikombe cha kahawa. Mpangaji aliyemwachia chumba alikuwa ameihifadhi juu ya friji kwa wiki mbili akidhani ni tangazo la benki. Dada huyu alikuwa amehudhuria kila mkutano, na ni yeye aliyekuwa akiniuliza kila siku matokeo yatatoka lini. Katika hesabu za sheria, alikuwa mmoja wa wale ambao hawakutaka mgomo.

Yaliyotupata sisi katika wodi tatu yalikipata pia chama kikubwa cha wauguzi, Royal College of Nursing. Desemba 2022 wauguzi wake wa Uingereza walifanya mgomo wa kihistoria kwa ajili ya mishahara. Ridhaa yao ya miezi sita ilipokwisha walilazimika kupiga kura upya, na Juni 2023 matokeo yakatoka: asilimia 84 ya waliopiga walisema ndiyo, lakini waliopiga walikuwa asilimia 43 tu ya wanachama. Mgomo ukafia hapo. Serikali ilipumua, lakini malalamiko ya mshahara yalikuwa yale yale, na zamu zenye muuguzi mmoja mahali pa wawili zilikuwa zile zile.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini na ninaheshimu kazi yako, lakini ruhusu nipinge. Mama yangu mzazi anaishi huko na alisubiri upasuaji wa nyonga kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tarehe yake iliahirishwa mara mbili, na mara zote mbili sababu iliyotajwa ilikuwa mgomo. Alikuwa anashuka ngazi kwa kukaa, kidato kimoja kimoja, kama mtoto mchanga. Mtu aliye katika hali hiyo hana chama, hapigiwi kura, na hapewi notisi ya mgomo bali barua ya kuahirishiwa.

Sioni ubaya wa kudai nusu ya wanachama wajitokeze kabla ya kusimamisha huduma inayotegemewa na maelfu. Hata ushirika wa wakulima una akidi yake. Kama jambo lina uzito kiasi cha kuahirisha upasuaji wa watu, basi liwe na uzito wa kumfanya mwanachama atie bahasha kwenye sanduku la posta. Asiyeweza kufanya hilo, kwa nini tuamini kwamba anauhitaji mgomo?

Mleta uzi

Mkuu, pole sana kwa mama, na ninakushukuru kwa kulileta hili, kwa sababu mjadala wa mgomo unaomsahau mgonjwa haufai. Sitakuambia kwamba mateso yake ni kidogo. Nimewapigia simu wagonjwa mwenyewe kuwaambia tarehe zao zimeondolewa, na sijawahi kuzoea ukimya unaofuata upande wa pili wa simu.

Kuhusu akidi, nakubaliana nawe nusu ya njia. Kama sheria ingedai nusu ya wanachama wajitokeze na papo hapo ikaruhusu wapige kura kwa simu ya mkononi au katika kisanduku kilichowekwa kazini, nisingekuwa na la kusema. Iliyofanyika ni kuinua kizingiti na kuiacha ngazi ile ile fupi ya posta. Bunge lenyewe liliagiza uchunguzi kuhusu kura ya kielektroniki, ripoti ikatolewa mwishoni mwa 2017 ikipendekeza majaribio, na miaka ikapita bila jaribio lolote. Aliyetaka kujua wanachama wanataka nini hangeiacha ripoti hiyo ikae kabatini.

Sasa lile la hatari kwa wagonjwa. Tangu 1875 ni kosa la jinai nchini humo kuvunja mkataba wa kazi kwa makusudi huku ukijua kwamba matokeo yake huenda yakahatarisha maisha ya watu. Juu ya hapo, vyama vya afya huketi na wasimamizi wa hospitali kabla ya kila mgomo na kukubaliana nani atabaki: chumba cha wagonjwa mahututi, dharura, uzazi. Tarehe 20 Septemba 2023, madaktari bingwa na madaktari wa ngazi za chini walipogoma pamoja, walitoa huduma ya kiwango cha sikukuu ya Krismasi. Upasuaji wa nyonga kama wa mama yako haumo katika kiwango hicho, na ndiyo maana uliahirishwa. Lakini foleni aliyokuwamo ilikuwa na watu mamilioni kabla daktari yeyote hajashika bango.

Halafu kuna jambo ambalo wabunge waliopitisha sheria ya 2016 hawakulipima. Muda wa miezi sita ulikusudiwa kupunguza migomo, lakini kwetu uliigeuza ridhaa kuwa kama maziwa yenye tarehe ya kuharibika. Zamani chama kilichopata kura kilitakiwa kuanza mgomo ndani ya wiki nne, au nane mwajiri akikubali, lakini kikishaanza, ridhaa haikuwa na tarehe ya mwisho: kiliweza kuusimamisha mgomo, kikazungumza na mwajiri kwa miezi, na mgomo ukabaki tishio. Chini ya sheria hii ya 2016, kila wiki ya mazungumzo ilikuwa wiki iliyokatwa kwenye ridhaa. Mwajiri alipochelewesha vikao vitatu, robo ya muda ilikuwa imekwenda. Kwa hiyo viongozi walipanga siku za mgomo mapema, na kwa wingi, kabla tarehe haijafika.

Tazameni madaktari wa ngazi za chini wa England. Februari 2023 walipiga kura, asilimia 77 wakajitokeza. Agosti mwaka huo huo wakapiga tena, asilimia 71. Machi 2024 wakapiga mara ya tatu, asilimia 62. Kila mara, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 98 ya waliopiga. Kati ya kura moja na nyingine waligoma, wakarudi, wakagoma, na suluhu ya asilimia 22.3 kwa miaka miwili ilikubaliwa Septemba 2024. Anayetaka kusema kizingiti kiliwapunguza wanaojitokeza anaweza kusema, na anayetaka kusema kilirefusha ugomvi anaweza vilevile. Mimi nasema vyote viwili ni kweli, na mama yako alikuwa katikati.

Mchangiaji wa pili

Nimefanya kazi katika reli za huko kwa muda mrefu, kwa hiyo niongeze kipande ambacho mleta uzi hajakigusa, nacho ni Sheria ya Kiwango cha Chini cha Huduma Wakati wa Migomo, iliyopitishwa Julai 2023 baada ya mwaka mzima wa migomo ya treni. Sheria hiyo ilimpa waziri uwezo wa kutunga kanuni za kiwango cha huduma katika sekta sita, zikiwamo afya, elimu, zimamoto na usafiri. Kwa reli, kanuni zilisema asilimia 40 ya ratiba ya kawaida iendelee. Mwajiri alipewa haki ya kuandika notisi ya kazi yenye majina: fulani na fulani waje kazini siku ya mgomo. Aliyetajwa akigoma, alipoteza ulinzi dhidi ya kufukuzwa. Nacho chama kilitakiwa kuchukua hatua za kuridhisha kuhakikisha wanachama wake waliotajwa wanakwenda kazini, la sivyo kingeipoteza kinga ya mgomo mzima. Kwa chama kikubwa chenye wanachama zaidi ya 100,000, fidia ingeweza kufika pauni milioni 1, kwani mwaka mmoja kabla yake kikomo kilikuwa kimepandishwa kutoka pauni 250,000.

Wenzangu wa chumba cha kuongozea ishara za reli walihesabu haraka kwamba majina yao yangekuwamo katika kila notisi. Bila mwendesha ishara hakuna treni hata moja, kwa hiyo ili kupata asilimia 40 ya treni unahitaji karibu wote. Mgomo wao ungekuwa halali kwenye karatasi tu.

Kilichotokea baadaye sikukitegemea. Januari 2024 kampuni ya treni ya LNER ilionekana kuelekea kutumia notisi hizo dhidi ya chama cha madereva, ASLEF. Chama kikatangaza siku tano zaidi za mgomo katika kampuni hiyo pekee. Kampuni ikasema haitatumia notisi, na chama kikaziondoa zile siku tano. Sheria iliyoandikwa ili treni zitembee ilikaribia kuziongezea siku tano za kusimama, na waajiri wengine waliona.

Mleta uzi

Ahsante sana, mkuu, umelieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Niongeze kwamba wazo la kiwango cha chini cha huduma lenyewe si geni wala si ovu. Shirika la Kazi Duniani linalikubali, kwa masharti. Huduma muhimu kwa maana kamili, kwa mujibu wa kamati yake ya uhuru wa kujumuika, ni zile ambazo kusimama kwake kunahatarisha maisha, usalama au afya ya watu: hospitali, umeme, maji, uongozaji wa ndege. Reli na shule kwa kawaida hazimo, ingawa kiwango fulani cha huduma kinaweza kukubaliwa. Lakini vyama vinatakiwa vishirikishwe kukipanga kiwango hicho, na wakishindwana, chombo huru kiamue. Sheria ya 2023 ilimpa kalamu waziri, na katika ugomvi wa reli au wa hospitali waziri ndiye anayeshika mfuko. Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kabisa kuridhia Mkataba Na. 87 wa uhuru wa kujumuika, mwaka 1949, na ilinisikitisha kuiona ikitunga sheria kana kwamba haijawahi kuusoma.

Nirudi kwenye bahasha, maana kuna kesi ambayo kila mwakilishi wa chama huku anaifahamu. Mwaka 2019 wafanyakazi wa posta, takriban 110,000, waliitwa kupiga kura ya mgomo. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 76, na asilimia 97 wakasema ndiyo. Kwa kipimo chochote cha kidemokrasia, hilo ni jibu. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikauzuia mgomo. Sababu? Chama kilikuwa kimewahimiza wanachama wazichukue bahasha zao za kura pale pale kwenye vituo vya kazi kabla hazijafikishwa nyumbani, wazifungue, watie alama na kuzituma. Jaji alisema huko ni kuingilia kura, kwa kuwa sheria inadai karatasi imfikie mtu nyumbani, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Hakuna aliyethibitisha kwamba watu wale waliopiga kura walilazimishwa au kwamba jibu lao lingekuwa tofauti jikoni kwao. Mtu aliyekuwa na kura yake mkononi, akiwa ndiye anayebeba barua za mtaa mzima, alitakiwa aipeleke kwanza mpaka mlangoni kwake mwenyewe.

Tangu hapo waajiri wamejifunza kwamba ugomvi wa mishahara unaweza kuamuliwa na maelezo ya notisi: idadi ya wafanyakazi wa kila kitengo, jina la kituo, tarehe. Nami nimejifunza kutumia jioni zangu kuhakiki majedwali badala ya kuwasikiliza watu. Hilo ndilo badiliko ambalo takwimu za migomo haziwezi kulionyesha. Mwakilishi wa chama zamani alikuwa mtu wa kusikiliza na kupatanisha, aliyejua nani amegombana na msimamizi na kwa nini, na mara nyingi aliumaliza ugomvi kabla haujapata jina. Sasa mimi ni karani wa anwani.

Mchangiaji wa tatu

Kaka mleta uzi, mimi nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee huko huko, na nimekuja kwa kibali cha kazi ambacho mwajiri wangu ndiye mdhamini. Kusema kweli, sisi mambo haya ya kura tunayaona kama ya wenyewe. Tukipunguziwa saa tunanyamaza. Tukiambiwa tulipie sare tunalipa. Msimamizi aliwahi kutuambia kwamba atakayegoma atarudishwa kwao, na hatukujua kama ni kweli. Naomba unijibu waziwazi: mtu wa kibali anaweza kugoma?

Mleta uzi

Dada yangu, nakujibu kwa kadiri ya kanuni zilivyo. Mfanyakazi mwenye udhamini akikosekana kazini bila malipo kwa zaidi ya wiki nne kwa jumla katika mwaka mmoja, mdhamini hutakiwa kuacha kumdhamini. Lakini kanuni zina orodha ya sababu ambazo hazihesabiwi, kama vile uzazi na ugonjwa, na mgomo uliofuata taratibu za kisheria umo katika orodha hiyo. Kwa hiyo siku za mgomo halali hazimwondolei mtu kibali chake, na msimamizi aliyewaambia vile aliwatisha.

Angalia hata hivyo neno "halali" linavyobeba mzigo mzito zaidi kwako kuliko kwa mwenzako aliyezaliwa huku. Mgomo ukibatilishwa na mahakama kwa sababu ya bahasha au ya kosa katika hesabu ya notisi, mwenzako amepoteza mshahara wa siku hizo. Wewe unaanza kuhesabu wiki. Kwa hiyo kila sharti jipya linaloongezwa, hata likionekana ni la makaratasi tu, linamkaba zaidi mtu wa kibali, na nadhani ndiyo sababu nyumba za wazee, ambako watu wa kibali ni wengi, ni kimya kuliko hospitali.

Kuna nyongeza kuhusu sekta yako. Kwa muda mrefu sheria ilimlinda mgomaji dhidi ya kufukuzwa, lakini haikumlinda dhidi ya adhabu ndogo zaidi, kama kusimamishwa au kunyimwa saa za ziada. Aprili 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi ya mfanyakazi wa huduma za kijamii aliyesimamishwa kazi wakati wa mgomo aliousaidia kuuandaa, ilisema pengo hilo linakiuka haki ya kujumuika iliyo katika Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Aliyeifikisha kesi hiyo mpaka juu kabisa alikuwa mtu wa kazi kama yako.

Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi. Hoja ya bahasha nimeielewa, na nakiri sikujua kuhusu kesi ya posta. Swali langu la mwisho: kama mgomo ukiwa mgumu, je, watu hawatazoea tu na mambo yakatulia? Nchi nyingi hazina migomo na watu wanafanya kazi.

Mleta uzi

Mkuu, mwaka 2022, sheria ya 2016 ikiwa inatumika kwa nguvu zote, siku za kazi milioni 2.5 zilipotea kwa migomo, idadi ambayo haikuwa imefikiwa tangu 1989. Bei zilipanda, mishahara ikabaki nyuma, na vyama vilivyokuwa na watu wa kutosha wa kufuatilia bahasha viliuvuka ukuta. Visivyokuwa nao vilibaki nje, na huko nje hakukuwa kimya. Agosti 2022, katika ghala la Amazon la Tilbury, wafanyakazi walioahidiwa nyongeza ya senti 35 za pauni kwa saa waliacha kazi na kuketi kwenye ukumbi wa chakula. Hapakuwa na kura wala notisi, wala kiongozi wa kuzungumza naye. Nikiwa mwajiri ningeiogopa zaidi hali hiyo kuliko barua ya chama yenye tarehe na saa.

Mnamo Machi mwaka huo huo, kampuni ya feri ya P&O iliwafukuza mabaharia karibu 800 kwa siku moja, kwa ujumbe wa video. Wafanyakazi wale wangetaka kugoma kwa saa moja tu, wangelazimika kupiga kura kwa posta kwa majuma, kisha kusubiri siku 14.

Katika wodi yangu utulivu unaousema ulikuja hivi. Baada ya kura kuanguka, wauguzi watatu waliokuwa mstari wa mbele waliondoka ndani ya miezi michache. Wawili walikwenda nje ya nchi. Wa tatu alijiandikisha kwa wakala wa kazi za muda, na wiki chache baadaye akarudi katika wodi ile ile, kwa wagonjwa wale wale, akilipwa zaidi kwa zamu huku hospitali ikimlipa na wakala juu yake. Nilimkabidhi zamu mimi mwenyewe. Fedha ambazo mezani tuliambiwa hazipo zilipatikana, ila zilipitia mlango mwingine.

Mambo yameanza kubadilika. Sheria ya Haki za Ajira, iliyotiwa saini Desemba 2025, imeifuta sheria ya kiwango cha chini cha huduma na sehemu kubwa ya ile ya 2016. Notisi inashushwa kutoka siku 14 hadi 10, uhai wa ridhaa unakuwa miezi 12, na kile kizingiti cha asilimia 40 kinaondoka. Kizingiti cha asilimia 50 hakikuondolewa mara moja; kimefungamanishwa na ujio wa kura ya kielektroniki. Mimi naona mpangilio huo una busara kiasi, mradi kura hiyo ije kweli na isiingie kabatini kama ile ripoti ya 2017.

Hadi itakapofika, bado tuko na bahasha. Dada wa nyumba ya wazee, kama umejiunga na chama, wapigie simu kesho uwaulize wana anwani gani kwenye jina lako, na uwaulize wenzako wa nyumba hiyo hiyo wafanye vivyo hivyo. Mimi naishia hapa kwa leo, kwa kuwa nina majina 40 ya wodi tatu, na kabla ya zamu ya usiku kuingia nataka niwe nimemuuliza kila mmoja kama bado anakaa pale pale.